Maziwa Yaliyokataa Kuganda

Habari ya kifo cha Mwalimu Muthiani ilinifikia nikiwa sokoni Ukunda, mkono mmoja una simu na mwingine fungu la mchicha. Kesho yake nikapanda mazikoni Skimu, kwenye mashamba ya walowezi ya Shimba Hills, ambako sikuwa nimekanyaga tangu ujana wangu. Nilipofika walikuwa wamekwisha kumshusha kaburini, na mchungaji alikuwa anasali kwa Kikamba, lugha niliyowahi kuielewa nusunusu. Baada ya sala mwanawe mkubwa alinijulisha kwa watu kuwa mimi ndiye msichana wa kwanza aliyefanya kazi na baba yake kwenye utomvu wa mapapai, akaniomba niseme maneno mawili. Nikasema marehemu alikuwa mwadilifu, na kwamba alijua kueleza jambo mpaka likaingia. Yote mawili ni kweli. Lakini nilipokuwa nikisema, niliwaona vikongwe wawili watatu chini ya hema wananitazama bila kuitikia, nami nikajua wananikumbuka, na nikajua wanachokikumbuka. Ndiyo sababu naandika habari za mwaka ule. Za nyumbani kwetu Msambweni, za wazazi na ndugu, naziacha; hazihusiki na jambo hili.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne na alama nzuri za kemia, na sina kazi. Mwalimu Muthiani alikuwa ameacha kufundisha sayansi ili afanye biashara ambayo watu waliiona kichekesho. Alikuwa ananunua utomvu wa mapapai mabichi. Mkulima alichanja papai likiwa bado mtini, asubuhi na mapema, mistari mitatu minne kwa wembe, na ule utomvu mweupe ukadondokea kitambaa kilichozungushwa shinani kama mwavuli uliopinduliwa. Ukiushika sana kwa mikono mitupu, unakula ngozi ya vidole. Ndani yake mna kitu kiitwacho papaini, nacho ni kimeng'enya, yaani kitu chenye kazi moja tu, na kazi ya hiki ni kukata protini vipande vipande. Mama zetu walikijua kabla ya kukijua jina. Nyama ya mbuzi mzee huilaza kwenye majani ya mpapai, ikaiva kama ya mwanambuzi. Sisi tuliukausha utomvu, tukausaga, na unga wake ukaenda kwa wakala Mombasa, naye akaupeleka ng'ambo kwa wanaolainisha nyama na ngozi kwa mashine.

Jengo lilikuwa na vyumba vitatu chini ya paa moja la mabati. Cha mbele kilikuwa na meza ya kupokelea utomvu. Cha katikati kilikuwa na tanuri la kukaushia, ambalo fundi mmoja aliyewahi kufanya kazi kwenye kiwanda cha sukari huko Ramisi alilijenga kwa bomba kuukuu: moto ukiwaka nje, hewa ya moto ikapita bombani, ikapanda kati ya trei zilizopangwa kama rafu za kabati. Cha nyuma ndicho tulichokiita maabara, nayo ilikuwa meza, kabati moja, dirisha na jiko la mafuta ya taa. Hapo ndipo palikuwa pangu. Kila unga ulipotoka nilikoroga chembe yake majini, nikaidondoshea maziwa yenye uvuguvugu ndani ya neli ya kioo, kisha nikaiinamisha neli na kuinua, kuinamisha na kuinua, macho kwenye saa, mpaka maziwa yakashika kioo kwa matone mazito. Unga mzuri uliyagandisha kabla hujamaliza kusoma Yasini nusu. Unga mbaya ulichelewa. Niliipenda kazi hiyo kwa sababu ilikuwa na jibu.

Kusaga na kuchekecha ilikuwa kazi ya Nzilani, msichana wa Kikamba wa rika langu, aliyelelewa na shangazi yake kule Samburu, kwenye barabara kuu ya Nairobi, akaja Skimu kutafuta kazi kwa watu wa ukoo wake. Tulilala chumba kimoja cha uani, vitanda viwili na sanduku moja kati yetu. Yeye alinifundisha kupika muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, nami nikamfundisha kusonga bada, ugali wetu wa muhogo, ambao mwanzoni aliutazama kama gundi na baadaye akawa anaudai. Jioni tulikaa mlangoni tukichambua kunde na kusikiliza maongezi ya nyumba ya Mwalimu, kwa maana ukuta wa upande ule ulikuwa wa mabati matupu. Mke wa Mwalimu alikuwa mwenye sauti, na kwa miezi minne ya kwanza hatukusikia humo ila habari za kwaya na kuku.

Halafu masika yakaanguka. Utomvu ukaja mwepesi, una maji, na makumbi ya nazi tuliyokuwa tukiyachoma yakalowa mpaka ukawa moshi mtupu. Trei zilikaa siku mbili bila kukauka. Mimi ndiye niliyemwambia Mwalimu tujaribu kuni za mvinje, zinazowaka hata zikiwa na unyevu, naye akakubali. Kazi ikaenda mbio tena. Unga ukatoka mkavu, wa rangi yake ileile ya malai, na kwa wiki kadhaa za mvua sikuupima kwa bidii, kwa kuwa maziwa ya unga yalikuwa haba dukani na Mwalimu mwenyewe alisema nipime mara moja moja.

Wakala alirudisha magunia siku ya Alhamisi. Sitasahau namna alivyokataa chai. Waliingia na Mwalimu nyumbani, nasi tukasikia kupitia mabati kila neno: kwamba unga umekufa, kwamba uzito ni uleule na sura ni ileile lakini kazi haufanyi, na kwamba yeye amekwisha kuona mchezo huo kwingine, watu wanachanganya unga wa muhogo. Mwalimu akasema kuwa watu wake anawajua. Wakala akamjibu kuwa kila mtu husema hivyo. Nzilani, aliyekuwa anamenya karoti kando yangu, alisimamisha kisu, akanitazama, akaendelea. Nilikitia moyoni kile kisu kilichosimama.

Jioni ile ile nilipima unga wote uliobaki. Dakika mbili, tano, kumi. Maziwa yaliteremka kwenye kioo kama maziwa. Mwalimu alisimama nyuma yangu. Alikuwa amewaahidi wakulima zaidi ya thelathini kwamba mipapai itawasomeshea watoto, wengine wamekata mikorosho ili wapande. Mwishowe akaniambia polepole, "Mwanasha, wewe una macho. Yaweke wazi."

Nakiri kwamba nilifurahi. Leo, baada ya kufanya kazi ya maabara karibu maisha yangu yote, najua kwamba kuambiwa uchunguze watu kuna utamu wake, nao ni utamu mbaya. Tangu asubuhi iliyofuata hakuna aliyeingia mlangoni pale akaonekana kwangu kuwa safi. Pale mezani wakulima nao walikuwa wamekwisha kupata habari. Wadigo waliotoka mashamba ya chini wakanong'ona kwamba watu wa bara hawana haya. Wa bara wakasema, kwa sauti iliyokusudiwa kusikika, kwamba muhogo ni chakula cha wenyeji. Mama Syombua, mkulima mzee wa Kikamba aliyekuwa na mipapai mingi kuliko wote na maneno machache kuliko wote, aliweka chombo chake mezani kila siku na kusimama kando yake hadi nilipomaliza kukipima, asije mtu akamtilia kitu. Watu waliokuwa wakiachiana zamu wakaanza kusimamiana.

Nami jicho langu likatua kwa Nzilani. Yeye ndiye aliyeushika unga wa mwisho, peke yake, katika chumba kilichofungwa. Nikaanza kuona mambo. Alinawa mikono mara nyingi. Alikuwa na vumbi jeupe kwenye pindo la kanga. Aliongea Kikamba na akina mama wa mezani, nikiingia wakageukia Kiswahili. Chini ya kitanda chake mlikuwa na mfuko, nami siku moja alipokwenda kuoga niliufungua, nikaingiza kidole, nikaonja. Unga wa muhogo, karibu robo gunia. Nilikaa kitandani kwangu moyo unanidunda kama mtu aliyeshinda mbio. Haikunipitia hata kidogo kwamba bada tuliyokuwa tunakula karibu kila usiku ilikuwa inatoka mahali fulani.

Jumapili mke wa Mwalimu alitupa paja la beberu, gumu kama kandambili. Nzilani alilinyunyizia chembe ya unga wetu, kama walivyofanya wote pale, hata mke wa Mwalimu mwenyewe, akaliacha kitambo, akalipika mchana kutwa. Tulipokaa kula tukatafuna na kutafuna. Yeye akacheka, akautoa mfupa mdomoni, akasema, "Huu unga wetu siku hizi haulainishi nyama. Tangu mlipoanza zile kuni."

Maneno yale nimeyabeba miaka yote hii. Jibu la kila kitu lilikuwa humo, limewekwa mbele yangu kwenye sinia pamoja na nyama, na aliyelitoa hakuwa na kemia wala neli ya kioo. Alikuwa na meno tu. Mimi nikasikia jambo jingine kabisa. Nilisikia kwamba anachukua unga, na kwamba anajua umekufa, na nikajiuliza amejuaje. Nikamwangalia anavyocheka. Nikaona ni kicheko cha mtu anayejificha.

Nilimpeleleza wiki tatu. Jumatatu ya wiki ya nne nilikwenda kwa Mwalimu nikamweleza yote kwa mpango, kama mtu anayetoa matokeo ya jaribio: mikono, vumbi, mfuko, nyama. Aliniuliza kama nina hakika. Nikasema ninayo. Alinitazama tena, akaniuliza mara ya pili, nami nikasema tena vilevile. Asubuhi hiyo wakulima walikuwa wamejaa mezani. Mwalimu hakuwa mkatili. Nadhani aliogopa kwamba jambo likifanywa faraghani watu watasema amemficha mtu wa kwao. Akamwita Nzilani mbele yao, na mimi nikautoa ule mfuko nikauweka juu ya meza. Nzilani aliutazama mfuko, kisha akanitazama mimi. Mwalimu hakumtazama kabisa.

"Huo ni wa kula," akasema. "Na wewe unajua."

Alikwenda chumbani, akatoka na mfuko wa nguo zake, akapita katikati ya watu wale wote, na mkulima mmoja akavuta mtoto wake kando kana kwamba anapita mgonjwa. Mimi usiku ule nililala vizuri. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Unga uliofuata niliusaga mimi mwenyewe. Niliupima nikiwa na uhakika, Mwalimu amesimama mlangoni, na maziwa yakakataa kuganda. Mtu mwenye akili timamu angeshtuka hapo. Mimi nikafikiri Nzilani alikuwa na mwenzake. Nikaanza kumwangalia Mama Syombua, nikawaangalia vijana wa kuni, nikamwangalia hata mke wa Mwalimu. Nikala peke yangu. Chumba cha uani kilikuwa kikubwa ghafla, na nilikuwa nimeanza kufunga kabati kwa kufuli na kulala na ufunguo.

Kufuli hilo ndilo lililoniumbua. Siku moja nililifungua kabati kutafuta utambi wa jiko, nikasogeza chupa, na kwenye pembe ya rafu ya chini nikaona kichupa cha rangi ya kahawia: iodini. Kila mtoto wa shule anajua kazi yake. Tone moja kwenye wanga, iwe muhogo, mahindi au viazi, na wanga unageuka buluu iliyokaribia weusi. Nilisimama nacho mkononi muda mrefu. Kisha nikachota unga wa muhogo uliobaki kwenye ule mfuko, nikadondosha. Ukawa mweusi kama wino. Nikachota unga wetu, nikadondosha. Tone likabaki na rangi yake ya kahawia. Mwalimu alikuwa na desturi ya kuweka kichupa cha akiba cha kila unga uliotoka, nami nikavipanga vyote mezani, vya masika yote, nikavidondoshea kimoja kimoja. Kahawia. Kahawia. Vyote. Hakuna aliyewahi kutia kitu chochote.

Hapo ndipo sauti ya Nzilani iliponirudia na zile kuni zake. Nikaenda kwenye tanuri. Kipimajoto kilikuwa kimening'inia pale nilipokitundika mwenyewe mvua zilipoanza, kwenye upenyo wa kando ya mlango, mbali na bomba, nipate kukisoma bila kufungua, na pale kilisema kila kitu ni sawa. Nikafungua, nikakilaza kwenye trei ya chini, karibu na bomba. Zebaki ikapanda, ikapita alama tuliyokatazwa kuipita, ikaendelea. Nilikitoa kisije kikapasuka.

Nilimwita Mwalimu nikamwonyesha. Akachuchumaa akakisoma. Akaniambia nikalete uzi na shanga za mkewe. Mezani akatunga shanga chache, akasema kimeng'enya kimetungwa vivyo hivyo: asidi amino moja baada ya nyingine, papaini ina mia mbili na kitu, kwa mpangilio usiobadilika. Lakini utungo huo haukai umenyooka. Akaukunja na kuukunjakunja kiganjani mpaka ukawa donge, na kwenye donge akanionyesha kishimo kwa ukucha. Kazi yote hufanyika humu, akasema. Protini ya nyama huingia kwenye kishimo hiki, inakatwa, inatoka, na kimeng'enya kinabaki kizima kikingoja nyingine. Ndiyo maana chembe inatosha paja zima. Kinachokishika kisifunguke ni vifungo vidogo vidogo kati ya shanga na shanga, na joto likizidi vinatikisika mpaka vinaachia. Akafungua kiganja, uzi ukalala mezani. "Hesabu shanga," akaniambia. Nikahesabu. Zilikuwa zote. "Hakuna kilichoibwa, Mwanasha. Kimekunjuka tu." Kisha akaketi, akafunika macho kwa mkono, na tukakaa hivyo hadi mkewe alipokuja kuuliza shanga zake.

Tuliinua trei, tukahamisha kipimajoto, tukapunguza kuni. Wiki ile ile maziwa yakaganda upesi, wakala akapokea unga, na Mwalimu akawatangazia wakulima kwamba palikuwa na hitilafu ya tanuri. Hitilafu ya tanuri, basi. Watu wakapumua, Wadigo na Wakamba wakaanza tena kuachiana zamu, na jina la Nzilani halikutajwa na mtu. Nilijua Mwalimu alikuwa ananisitiri, labda na kujisitiri mwenyewe. Nilikubali kusitiriwa kwa siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili niliomba ruhusa, nikaenda Samburu.

Kibanda cha shangazi yake kilikuwa kando ya maegesho ya malori, paa la makuti, vumbi la barabara juu ya kila kitu. Nzilani alikuwa anakanda unga wa chapati. Hakuacha. Nilimsalimu shangazi shikamoo, akaitikia, akatuachia nafasi akaenda kwa mbuzi wake. Nikamweleza Nzilani yote nikiwa nimesimama, kwa sababu hakuniambia nikae: iodini, vile vichupa, kipimajoto, na kwamba nyama ile ilikuwa imesema kweli. Alikanda hadi donge likawa laini kabisa. Kisha akaniuliza hiyo dawa ya kupimia wanga inachukua muda gani kutoa jibu.

Nikasema, "Papo hapo. Dakika haifiki."

"Na ilikuwepo siku zote?"

"Ilikuwa kabatini."

Akafunika donge kwa kitambaa, akafuta mikono. "Mimi ulinichunguza wiki tatu," akasema. "Unga ungeuchunguza dakika moja."

Nilimwomba radhi. Nikamwambia Mwalimu amesema nafasi yake ipo. Akasema harudi, na hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja njia aliyokwisha kuiacha. Akanimiminia chai, akaisukuma mbele yangu. Nilipoimaliza akaniambia jambo moja tu alilotaka. Watu wa mezani walimwona akitoka na nguo zake, akasema, na mmoja alimvuta mtoto wake kando. Hao ndio niwaambie. Yeye hana haja ya kuambiwa, alijua tangu mwanzo.

Jumatatu nikangoja mpaka wote wamefika na vyombo vyao. Mwalimu alipoona nimesimama mbele ya meza badala ya nyuma yake, alielewa, akavua kofia. Niliwaambia kwamba Nzilani hakutia kitu kwenye unga, hakuna aliyetia. Kwamba moto niliupandisha mimi, kipimajoto nilikitundika mahali pabaya mimi, na nikamshuku mwenzangu wakati kipimo cha kunionyesha ukweli kilikuwa ndani ya kabati nililolilinda kwa ufunguo. Nilipomaliza nilikuwa naiambia miguu yangu. Nilitamani mtu anitukane ili pawe na kelele. Mama Syombua ndiye aliyesogea, chombo chake cha utomvu mkononi, akaniuliza kama yule msichana atarudi. Nikamwambia hapana.

Aliweka chombo mezani. Mara hii hakukaa kukilinda; aligeuka akawatazama watu waliojazana hadi nje kwenye jua, kisha akanigeukia.

"Basi sema tena," akasema. "Wale wa nje hawajasikia."

Nikainua uso, nikasema tena.